Mtoto Aliyenyamaa Hakupona

Wapo miongoni mwetu watu ambao maisha yao, yakitazamwa kwa nje, hayana kasoro hata moja: wana kazi za heshima, hulipa ada za watoto kwa wakati, huchanga katika harusi na misiba bila ya kukumbushwa, wala hawajapata kuitwa kwa mjumbe kwa ugomvi wa jirani, nao, juu ya neema zote hizo, huishi na ahali zao kama mgeni mstaarabu akaavyo katika nyumba ya watu, ambaye husalimiwa akaitika, hukirimiwa akashukuru, lakini nafsi yake haisahau hata saa moja kwamba pale si kwake. Mzazi wao akifa humzika kwa taratibu zote, machozi yasitoke. Mtoto wao akizaliwa hupokea pongezi kwa tabasamu, na ile furaha ambayo wenzao huiona usoni pao, wao wenyewe wakiitafuta moyoni hawaikuti. Wake zao, au waume zao, huwaona wagumu. Ndugu huwadhania kiburi. Na wao wakiwa faraghani hujiuliza kama hawakuumbwa na upungufu ambao binadamu wengine hawana.

Nataka kudai katika makala haya kwamba wengi wa watu hawa hawakuumbwa hivyo. Ganzi ile ya moyo walijifunza, tena mapema, katika umri ambao mtoto hana njia nyingine ya kustahimili msiba uliompata ila kuacha kuuhisi. Na kwa kuwa walijifunza mikononi mwa watu waliowaacha au kuwadhuru, hawaiachi kwa kusoma kitabu wala kwa kuonywa, ila mbele ya mtu mwingine atakayedumu nao muda wa kutosha mpaka moyo uamini. Tiba iliyojengwa juu ya msingi huo wataalamu huiita tiba ya saikodainamiki: ni mazungumzo ya faragha, ya muda usiopungua sana saa moja kila juma, kwa miezi na pengine kwa miaka, yanayochunguza jinsi mambo ya zamani, hata yale ambayo mwenyewe hayakumbuki, yanavyoendelea kutawala namna anavyopenda, anavyoogopa na anavyojitenga leo. Nayo inapoendeshwa kwa kuzijua athari za kiwewe, yaani jeraha la nafsi liletwalo na jambo lililozidi uwezo wa mtu kulibeba, huwa na adabu zake maalumu ambazo nitazieleza. Madai yangu yana upande wa pili, unaotuhusu sote tusio matabibu: kwamba tumezoea kuusifu ukimya wa mtoto pale ambapo ulipasa kututisha.

Mwaka 1952, mjini London, James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye asili ya Uskoti, alipiga filamu ya mtoto wa kike aitwaye Laura, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili na nusu, alipolazwa siku 8 kupasuliwa ngiri ya kitovu. Enzi hizo hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa nadra mno, na wauguzi waliamini kwa dhati kwamba mama akija humvuruga mtoto, ilhali asipokuja mtoto hutulia. Robertson hakuonyesha ukatili wowote. Hakuna aliyempiga Laura wala aliyemnyima chakula. Alichoonyesha ni mtoto mwenye adabu, anayejizuia kulia, ambaye mara kwa mara katikati ya mchezo humwulizia mama yake kwa sauti isiyo na tumaini kubwa, kisha hurudi katika kimya chake. Na siku ya kuondoka alibeba vitu vyake vyote mwenyewe, akakataa kushika mkono wa mama aliyekuja kumchukua. Filamu ile ilipoonyeshwa mwaka ule ule mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Tiba, wengi katika madaktari na wauguzi walikasirika wakaona wamesingiziwa, na ilipita miaka 7 hata kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ikapendekeza, mwaka 1959, wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila ya vizuizi vile.

Robertson na mwenzake John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mashuhuri juu ya malezi ya mama na afya ya akili ya mtoto, walieleza kwamba mtoto mdogo aliyetenganishwa na mlezi wake hupitia hatua tatu kwa mfuatano. Kwanza hupinga, akalia na kuita na kuukodolea macho mlango. Kisha hukata tamaa, akanyong'onyea. Hatimaye hujitenga, na hapo hula, hucheza, huwachekea wauguzi, wala mama akija hamshughulikii. Hatua hii ya tatu ndiyo iliyowapendeza wakubwa, nao wakaiita kuzoea. Bowlby na Robertson walisema kwamba hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu mtoto anayelia bado anatumaini kusikiwa, na huyu ameacha kutumaini.

Mtu aweza kuuliza: tunajuaje kuwa utulivu ule si utulivu wa kweli? Jibu limetokana na safari ndefu iliyoanzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby mjini London, alifika Uganda, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akikaa sebuleni pamoja na mkalimani na kutazama watoto wachanga wakinyonya, wakitambaa, wakimwacha mama kwenda kuchungulia kitu kisha wakirudi kumshika magoti. Aligundua, na kitabu chake cha mwaka 1967 kinasimulia hayo, kwamba mtoto huthubutu kuuchunguza ulimwengu kwa kadiri anavyokuwa na yakini kwamba nyuma yake yupo mtu mmoja ambaye akiitwa ataitika. Kutokana na kazi ile alibuni baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, jaribio la kumtenga mtoto wa mwaka mmoja na mama yake kwa dakika chache na kutazama atakavyompokea akirudi. Na wapo watoto ambao katika jaribio hilo hawalii, huendelea kuchezea vitu vyao bila ya kuinua uso. Watafiti wa Ujerumani, Gottfried Spangler na Klaus Grossmann, walipowapima watoto wa namna hiyo katika utafiti walioutoa mwaka 1993, walikuta mioyo yao ikienda mbio mama alipoondoka, sawa na ya waliokuwa wakilia, na katika mate yao homoni ya kortiso, ambayo mwili huitoa wakati wa dhiki, ikapanda baadaye, ilhali kwa watoto waliozoea kulia na kubembelezwa haikupanda. Uso ulikuwa umejifunza kunyamaza. Mwili ulikuwa bado unapiga kelele.

Waingereza waliirekebisha desturi ya kumtenga mtoto na wazazi wake katika wodi za hospitali, lakini katika shule waliendelea kuitukuza, wakawapeleka bwenini watoto wa miaka 7 na 8 kwa nia ya kuwafanya viongozi. Mwaka 2015 Joy Schaverien, tabibu wa nafsi wa nchi hiyo, alitoa kitabu juu ya watu wazima aliowatibu ambao walipitia malezi hayo: watu wenye vyeo na elimu, wapole wa ulimi, wasioweza kumtegemea mtu wala kumlilia mtu, ambao ndoa zao zilikuwa zikivunjika bila ya ugomvi kwa sababu hapakuwa na mtu ndani yake wa kugombana naye. Desturi ya bweni ilitufikia sisi kwa mikono ya wamisionari na serikali ya kikoloni, tukaiendeleza wenyewe, na katika miaka ya karibuni tukaishusha hadi kwa watoto ambao hawajang'oka meno ya utotoni.

Tazama jinsi jambo hili linavyokwenda. Mtoto wa miaka 6 huletwa mwezi wa Januari na tranka lililoandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, na ndoo, na godoro, na shuka mbili. Usiku wa kwanza hulia. Usiku wa pili hulia akiwa amejifunika gubigubi, kwa kuwa wenzake wamemcheka. Akikojoa kitandani huamrishwa kulianika godoro mbele ya wote. Na baada ya majuma mawili matatu matroni humpigia mama simu na kumwarifu, kwa nia njema kabisa, kwamba mwanao ameshazoea, hasumbui tena. Mama hushusha pumzi na kumshukuru Mungu. Hakuna mwovu katika kisa hiki: wazazi wanatoka alfajiri na kurudi usiku, usafiri wa mjini ni mashaka, mtihani unaogopwa, na matroni mmoja ana watoto wengi kuliko anaoweza kuwakumbatia. Hata hivyo mtoto hana habari ya nia zetu; anachokijua ni kwamba aliita hakuitikiwa, na kwamba siku alipoacha kuita ndipo aliposifiwa. Ndiyo maana Kamishna wa Elimu wa Tanzania aliposimamisha, mwaka 2023, bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, nilijua kwamba amri ile ilikuwa ya afya ya taifa kama ilivyokuwa ya elimu.

Ama wale ambao utoto wao umekwisha pita, na ambao wengine wao walipatwa na makubwa kuliko bweni, kama vile vita, ukimbizi, kupigwa au kuingiliwa na mtu waliyemwita mjomba, hao dawa yao ni nini? Tangu mwaka 1889 mwanafalsafa na tabibu wa Ufaransa Pierre Janet aliandika kwamba nafsi ikishindwa kulimeza tukio la kutisha hulitenga upande, likabaki hai mahali ambapo fahamu ya kawaida haifiki. Na mwaka 1932, katika mkutano wa Wiesbaden, daktari wa Hungaria Sándor Ferenczi aliwaambia wenzake kwamba mtoto aliyedhulumiwa na mkubwa anayempenda huikana nafsi yake mwenyewe ili abaki na mapenzi ya yule mkubwa, na kwamba tabibu aliye baridi, asiyekiri makosa yake, humrudisha mgonjwa katika dhuluma ile ile ya kwanza. Wenzake hawakupendezwa, na hotuba ile haikuchapishwa kwa Kiingereza mpaka mwaka 1949. Leo maneno yake ni katika nguzo za kazi hii.

Kwa hiyo adabu ya kwanza ya tabibu ajuaye kiwewe ni kutokuwa na haraka. Daktari wa Marekani Judith Herman, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alipanga safari ya kupona katika hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwisho kurejea katika maisha na watu, na mtu akirukishwa hatua ya kwanza, akalazimishwa kusimulia yaliyompata kabla hajawa na mahali salama pa kulala wala mtu wa kumshika mkono, usimulizi wenyewe huwa ni jeraha jipya. Tabibu mwema hachokonoi kumbukumbu, wala hampandikizii mgonjwa mambo ambayo hayakutokea. Humwambia tangu mwanzo watakutana siku gani, kwa muda gani, na siri yao italindwa kwa mipaka ipi. Humwacha achague kiti, hata kama ni kile kilicho karibu na mlango. Humwonya mapema anapokusudia kusafiri. Mambo haya yaonekana madogo, lakini kwa mtu ambaye siku moja aliamshwa akapakiwa garini bila ya kuambiwa anapelekwa wapi, kujua saa na siku ni mwanzo wa dawa.

Tuchukue mfano wa kubuni, unaofanana na mengi ambayo matabibu huyaeleza. Mhasibu mmoja, mama wa watoto wawili, aliyepelekwa bweni akiwa na miaka 6, amekuja kwa tabibu mwaka mzima pasi na kukosa, akisimulia maisha yake kwa utaratibu kama asomaye hesabu. Siku moja tabibu anachelewa robo saa, anaingia na kuomba radhi, naye mama yule anatabasamu na kusema, "Haidhuru, daktari, najua kazi zenu ni nyingi." Mshauri mwenye haraka angeshukuru akaendelea. Tabibu huyu anamwambia kwamba amemsikia, ila angependa kujua dakika zile 15 alikuwa na hali gani kule nje. Mama anasema alikuwa hana hali yoyote. Kisha, baada ya kimya kirefu, anasema aliona mikono yake imekuwa ya baridi, na kwamba alianza kupanga atakavyowaambia nyumbani kuwa tiba imekwisha, maana tabibu amemchoka. Halafu anakasirika, kwa mara ya kwanza katika mwaka ule, na sauti yake inatetemeka. Na tabibu hamkimbii, hajitetei, wala hamwadhibu kwa ukimya. Hapo kilio kilichosimama miaka mingi iliyopita kimepata mtu wa kukipokea, na aliyekuwa amejifunza kwamba kulalamika ni kuachwa ameona kwa macho yake kwamba amelalamika na hakuachwa. Jambo hilo litarudiwa mara nyingi, kwa sura nyingi, kabla moyo haujalikubali. Na ndiyo sababu tiba hii huchukua muda.

Daktari wa Uingereza Donald Winnicott aliandika, katika makala iliyochapishwa mwaka 1974 baada ya kufa kwake, kwamba ile balaa ambayo wagonjwa wa namna hii huihofia siku zote kuwa yaja aghlabu ni balaa iliyokwisha tokea zamani, wakati ambapo hapakuwa na nafsi iliyokomaa ya kuishuhudia. Nayaona maneno haya kuwa na rehema kubwa. Yamwambia mwenye kuogopa mapenzi kwamba hofu yake ina ukweli, ila amekosea tarehe.

Wala si mambo ya kudhania tu. Mwanasaikolojia Jonathan Shedler, alipokusanya mwaka 2010 matokeo ya tafiti nyingi juu ya tiba ya saikodainamiki, alionyesha kwamba nafuu yake haipungui ile ya tiba nyingine zinazokubaliwa kitaalamu, na kwamba waliotibiwa huendelea kupata nafuu hata baada ya mazungumzo kwisha. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeitambua aina ya kiwewe sugu ambayo miongoni mwa dalili zake ni kushindwa kudumu katika uhusiano na kujihisi karibu na watu. Kweli, si kila ganzi ya moyo imetokana na kiwewe: sonona huweza kuileta, dawa za kulevya kadhalika, hata kifafa cha aina fulani, na kwa hiyo daktari hana budi kumpima mtu kwanza. Tena si kila mtoto aliyekaa bweni amedhurika. Wapo waliompata huko mwalimu au matroni aliyewatazama kwa jicho la mzazi, na hao ndio ushahidi wangu mkubwa, kwani mtu mmoja tu alitosha kuwaokoa.

Najua yatakayosemwa. Patasemwa kwamba kumweleza mgeni siri za nyumba si mila yetu. Lakini mwambao huu ulimjua somo, ambaye msichana alimweleza yale asiyoweza kumweleza mama yake, na ambaye uhusiano wake haukwisha siku ya harusi. Na bara ilimjua bibi au shangazi aliyeifanya kazi hiyo hiyo. Mambo mawili waliyokuwa nayo, siri na kudumu, ndiyo tunayoyahitaji tena, tukiyaongezea elimu ya kiwewe ambayo hao hawakupewa. Patasemwa kwamba dua na subira zatosha. Dua ni faraja na subira ni fadhila, wala sina ugomvi nazo. Ila kumwambia asubiri mtu ambaye maradhi yake yenyewe ni kusubiri asichokitumaini, ni kumwongezea. Na unasihi wetu wa mashuleni na vituoni, nasema kwa heshima ya wanaojitolea humo, mara nyingi umekuwa ni nusu saa ya mawaidha: mtu hutaja shida, huambiwa la kufanya, huaga kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyokuwa ugonjwa.

Patasemwa pia kwamba nchi zetu hazina fedha za kumpa kila mtu tabibu wa miaka miwili. Ni kweli. Lakini Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye sonona, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba walisaidika. Mazungumzo ya benchi ni mafupi, yana njia yake, wala siyachanganyi na tiba niliyoieleza. Nayataja kwa kuwa yameonyesha kwamba usikivu hufundishika. Basi tuanze na yanayowezekana. Vyuo vinavyotoa wanasihi viwafunze kiwewe na uhusiano kabla ya kuwafunza kutoa ushauri, na kila mnasihi awe na mkubwa wake wa kumsimamia. Hospitali za rufaa ziwe na matabibu wachache waliobobea katika tiba ya muda mrefu, na bima ya afya iwalipie wagonjwa wao kama inavyolipia dawa za presha. Amri ya bweni isimamiwe kwa dhati. Na pale ambapo bweni haliepukiki, kama kwa mtoto wa mfugaji aliye mbali na shule, au yatima, au mwenye ulemavu ambaye shule yake iko moja tu mkoani, mtoto apewe mtu mmoja mzima anayejulikana kwa jina, asiyebadilishwa kila muhula, ambaye kazi yake ni kuitika.

Na mzazi atakayepigiwa simu akaambiwa mtoto ameshazoea, asishukuru kwanza. Aulize: akilia hulia kwa nani? Ikiwa jibu ni kwamba halii, basi afunge safari siku hiyo hiyo.